Mwenye Nguzo Ndiye Mwenye Neno

Wandugu na wadada, kabla hatujaanza kubishana, kila mmoja ajibu swali hili kimoyomoyo: laini ya simu unayotumia iko kwa jina la nani?

Hapa Kabalagala jibu la wengi tunalijua. Laini iko kwa jina la mwenye nyumba. Iko kwa jina la jirani Mganda aliyetuonea huruma. Iko kwa jina la kijana wa boda aliyepewa kitu kidogo asajili laini mbili tatu. Kwa muda mrefu kusajili laini Uganda kulidai kitambulisho ambacho mkimbizi hana. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano, UCC, ilikubali karatasi za OPM zitumike, na kwa hilo tunashukuru. Lakini aliyefika juzi kutoka Rutshuru au Asmara, ambaye bado anangoja kuitwa, hana karatasi hiyo, na hawezi kukaa miezi bila simu. Basi anaazima jina.

Juu ya jina hilo la kuazima tumejenga nyumba nzima. WhatsApp iko hapo. Mobile money iko hapo. Namba tuliyoandikisha kwenye ofisi ya wakimbizi ndiyo hiyo. Namba ambayo mama anaijua kule Uvira ndiyo hiyo. Kuna mama mmoja hapa mtaani, muuza vitenge, ambaye mwenye jina alikwenda kudai laini yake upya, na akiba ya miezi minne ikaenda nayo. Alipofika kushtaki aliulizwa swali moja tu: laini ni yako? Hakuwa na jibu. Kwa sheria haikuwa yake. Kwa jasho ilikuwa yake.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia watu wakisema habari za intaneti ya kumilikiwa na watumiaji ni mambo ya bazungu wenye kompyuta. Hapana. Hakuna mtu duniani mwenye sababu ya kuitaka kuliko mkimbizi. Na ndiyo maana nakasirika mara ya pili, tena zaidi, ninapoona kile tunacholetewa chini ya jina hilo. Nasema mambo mawili katika makala hii, na nitayasimamia yote mawili: kitu chenyewe ni cha kweli na tunakihitaji, wauzaji wake wengi ni waongo.

Swichi moja, mkono mmoja

Tukumbushane. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizimwa Uganda, na mobile money ikazimwa pamoja nayo. Mwenye pesa kwenye simu na mwenye simu tupu wakawa sawasawa. Tarehe 1 Julai 2018 ilikuja ile kodi ya OTT: shilingi 200 kila siku ili ufungue WhatsApp au Facebook, na juu yake kodi kwenye mobile money. Kwa mtu wa Muyenga pale juu, 200 si kitu. Kwa familia yenye simu tatu kwenye muzigo mmoja, ilikuwa nusu ya posho ya siku. Mwaka 2021 OTT ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando. Tukabadilishiwa jina la mzigo, kichwa kikabaki kilekile.

Na Januari 2021 ndiyo tuliyoiona wote. Tarehe 12 ikafungwa mitandao ya kijamii, tarehe 13 jioni intaneti yote ikazima, ikarudi tarehe 18. Facebook yenyewe haikurudi. Siku chache kabla, Facebook ilikuwa imefuta akaunti za watu walio karibu na serikali. Serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook. Tembo wawili walipigana. Sisi nyasi tulilala chini, tukaanza kujifunza VPN.

Sikilizeni, mimi siko hapa kuzungumza siasa ya Uganda. Nchi hii imetufungulia mlango wakati wengine waliufunga, na mgeni ana adabu yake. Hoja yangu ni ya fundi wa umeme: mahali penye swichi moja, pana mkono mmoja unaoifikia. Leo mkono ni wa serikali. Kesho ni wa kampuni ya Marekani iliyoamua kwamba akaunti yako ina kosa na haina mtu wa kukupokea simu. Keshokutwa ni wa fundi aliyekata nyaya kwa bahati mbaya. Aliye gizani hana haja ya kujua ni mkono gani. Giza ni lilelile.

Vidole vyetu viko wapi?

Sasa tuingie mahali panapouma. Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda tulipangwa mstari upya. Vidole kumi, macho, picha. Sababu yake hatukuitengeneza sisi: kulikuwa na tuhuma kwamba hesabu za wakimbizi zimeongezwa, na maafisa wakubwa walisimamishwa kazi. Zoezi likaisha, na hesabu ikashuka kutoka watu kama milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Wizi ulikuwa wa wenye kalamu. Dawa yake ikapakwa kwenye vidole vyetu.

Sisemi zoezi halikuwa na faida. Mgao ulikwenda zaidi kwa watu wa kweli. Nauliza tu: vile vidole viko wapi leo? Nani anaviangalia? Nikitaka kujua ni nani amefungua faili langu mwaka huu, nimwulize nani? Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na inampa mtu haki ya kuuliza kinachohifadhiwa juu yake. Nimeuliza watu wengi katika mikutano yetu kama wamewahi kuambiwa haki hiyo na mtu yeyote wa shirika lolote. Wanacheka.

Hii si hofu ya wendawazimu. Juni 2021, Human Rights Watch walieleza jinsi taarifa za Warohingya wasiopungua 830,000 waliokimbilia Bangladesh, zilizokusanywa pamoja na UNHCR, zilivyopelekwa na Bangladesh kwa serikali ya Myanmar, yaani kwa watu walewale waliowakimbia. UNHCR walijibu kwamba watu waliulizwa wakakubali. Wengi wa waliohojiwa walisema hawakuambiwa hivyo. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000: waliotenganishwa na familia, waliopotea, waliofungwa. Na pale Kenya, upande wa Garissa, wako Wakenya Wasomali ambao utotoni waliandikishwa kambini kama wakimbizi kwa sababu ya njaa. Walipokua wakaenda kuomba kitambulisho, mashine ikawakataa: vidole vyako ni vya mkimbizi. Miaka na miaka hawakuweza kusajili laini wala kufungua akaunti. Kisa tu jina moja kwenye daftari moja la mbali ambalo hawana uwezo wa kulifungua.

Mfanyakazi wa shirika anayesoma hapa atasema: sisi tuna nia njema. Ndugu yangu, najua. Nimekunywa chai na wengi wenu. Lakini nia njema haifungi mlango wa seva. Na wewe mkataba wako unaisha Desemba, faili langu haliishi.

Ahadi yenyewe

Basi wanaotaka intaneti iliyogatuliwa wanasema nini? Ukiondoa maneno makubwa, wanasema mambo matatu.

Kwanza, mawasiliano yapite njia nyingi. Badala ya kila ujumbe kupanda kwenye nguzo moja na kwenda kwenye seva ya mbali ndipo urudi kwa jirani yako wa mlango wa pili, simu na ruta za mtaa ziongee zenyewe kwa zenyewe. Moja ikizimwa, nyingine inabeba.

Pili, taarifa zako zikae kwako, au kwa watu uliowachagua, na ufunguo uwe wako. Mtu wa kliniki akitaka kujua kama mtoto amechanjwa, anaona hilo tu. Haoni ulitoka kijiji gani, kabila gani, wala mume alikufaje.

Tatu, kile kinachozaliwa na wengi kiwe cha wengi. Leo mazungumzo yetu, picha zetu na vikundi vyetu vinamtajirisha mtu ambaye hatatualika hata kikao kimoja.

Msiniambie mambo haya ni mageni kwetu. Ingia kwenye migahawa ya Waeritrea na Waethiopia hapa Kabalagala na Kansanga, uliza hawala inavyokwenda. Pesa inatoka kwa mtu mmoja mji wa mbali, inatolewa na mtu mwingine hapa, bila benki katikati, na kinachoishika ni neno la mtu na jina la familia yake. Angalia likelemba ya mama zetu Wakongomani, ikirimba ya Warundi na Wanyarwanda, ekub ya Waethiopia, ayuto ya Wasomali. Kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu, hakuna mwenye likelemba zaidi ya walio ndani yake. Huo ndio ugatuzi, tumekuwa nao kabla kompyuta haijazaliwa.

Na tunajua kwa nini tunauhitaji. Goma ilipotekwa mwisho wa Januari 2025, mabenki yalifunga milango. Watu wenye pesa yao halali kwenye akaunti walilala njaa huku wakijua namba ya akaunti kwa kichwa. Mtu aliyeona hilo haambiwi tena kwamba pesa ya benki ni yake.

Palipo na uongo

Sasa wauzaji. Tuwatazame usoni.

Julai 2023 Worldcoin ya Sam Altman ilizinduliwa rasmi, na Nairobi ikaiona mipira yake ya fedha. Weka jicho, mashine ikupige picha, upate tokeni za thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Watu walipanga foleni ndefu KICC. Tarehe 2 Agosti serikali ya Kenya ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizochukuliwa zifutwe. Waliokuja walisema wanaleta mfumo usio na mkubwa, mali ya wanadamu wote. Nauliza: mfumo usio na mkubwa, kwa nini mpira ni wa kampuni moja? Kwa nini macho yanachukuliwa Nairobi na maamuzi yanafanyika San Francisco? Na kwa nini foleni ilikuwa ya wanafunzi na watu wasio na kazi? Kwa sababu 7,000 ni bei ya jicho la mwenye njaa. Mwenye shibe huuliza maswali kwanza.

Tuje kwa marafiki zetu wa misaada. Mwaka 2017 WFP walianza Building Blocks kwenye kambi za Wasiria kule Jordan. Mkimbizi anafika dukani, anatazama kwenye kamera, jicho linathibitishwa, chakula kinalipwa, na muamala unaandikwa kwenye blokucheni. Dunia nzima ikaandika: wakimbizi wanatumia blokucheni! Lakini blokucheni ile ilikuwa ya ndani. Mwanzoni ni WFP wenyewe walioshika mashine zote zilizoiendesha. Iliwapunguzia ada za benki, na hilo ni jambo jema, nalikubali. Ila mkimbizi hakushika ufunguo wowote. Hakuwa na pochi anayoweza kuondoka nayo kambini. Alikuwa na jicho tu. Daftari moja lililofungwa ndani ya ofisi moja, hata ukiliita blokucheni, bado ni daftari la ofisi.

Na sisi hapa tumepata wetu. Watu wa mradi fulani walikuja kwenye kikao cha vijana na pochi ya kidijitali: kitambulisho chako, vyeti vyako, pesa yako, vyote ndani ya simu, eti hakuna wa kukunyang'anya. Soda zilikuwepo, fulana zilikuwepo. Tukauliza maswali manne. Programu hii ikiharibika mtu anampigia nani? Seva ziko wapi na zinalipwa na nani mradi ukiisha baada ya miezi kumi na minane? Je, OPM, polisi au benki wataukubali huu utambulisho? Na kama hamtaki taarifa zetu, mbona fomu ya kuingia ina kurasa tatu? Majibu yalikuwa: bado tuko kwenye majaribio. Sisi ndio tuliokuwa majaribio.

Kuna na jambo la ufunguo, ambalo wauzaji hulipita haraka. Katika sarafu za blokucheni, mali yako inalindwa na maneno, mara nyingi kumi na mawili, ambayo ukiyapoteza hakuna ofisi ya kukurudishia. Nimesikia ikisifiwa: mkimbizi anaweza kuvuka mpaka wa Bunagana na akiba yake yote kichwani, askari apekue mpaka achoke. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini tuseme na upande wa pili. Aliyevuka usiku na watoto watatu huku nyuma kunapigwa risasi, mwambie akumbuke maneno kumi na mawili kwa mpangilio. Aliyeyaandika kwenye karatasi, karatasi ililoa mtoni. Aliyekufa njiani, amekufa nayo, na mjane hana mahali pa kwenda kudai. Likelemba ina mweka hazina anayeweza kutoroka, najua, imetokea. Lakini mweka hazina ana mama yake, ana kanisa lake, tunajua anapoishi. Kodi ya kompyuta haina mama.

Ongeza ada. Mwaka 2021 kulikuwa na siku ambazo muamala mmoja tu kwenye Ethereum uligharimu zaidi ya dola 50. Huo ni mfumo wa watu wa kawaida? Na ongeza usalama wa uongo: Bridgefy, programu ya kutuma ujumbe simu kwa simu bila intaneti, ilisifiwa sana na waandamanaji Hong Kong mwaka 2019. Mwaka uliofuata watafiti wa Royal Holloway, London, wakaonyesha kwamba jumbe zake zingeweza kusomwa na watumiaji wake kufuatiliwa. Mtu anayekimbia serikali yake hawezi kuishi kwa matangazo ya programu.

Waliofanya kweli

Ila nisiwe kama wale wanaobomoa tu. Kazi ya kweli ipo, tena karibu na sisi, na haina kelele.

Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2007, watu walipokuwa bado kwenye kambi za waliohamishwa na vita vya LRA, jimbo kuu katoliki la Gulu lilianzisha BOSCO. Walichukua kompyuta zinazokula umeme kidogo, paneli za jua na antena za wai-fai za masafa marefu. Kambi zikaunganishwa moja kwa nyingine, watu wakapigiana simu ndani ya mtandao wao bila kununua vocha. Ukiangalia vizuri, kitu cha kwanza walichokipata hakikuwa Facebook. Walichokipata ni kuongea na kambi ya jirani.

Kwetu Kongo, kwenye kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu, mwaka 2016 ulianza mtandao wa Pamoja Net kwa baraka za mwami. Kisiwa ambacho makampuni yalikiona hakina faida, kikajifungia antena zake. Afrika Kusini, kijiji cha Mankosi, Eastern Cape, watu walisajili ushirika wao wa Zenzeleni mwaka 2014 wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Cape. Wakaanza kwa kuchaji simu kwa jua, wakaendelea kuuza intaneti kwa bei chini ya makampuni, na mapato yakabaki kijijini. Kibera, Nairobi, wapo TunapandaNET, wanaounganisha shule na vituo vya vijana.

Na kwenye pesa, ipo Sarafu. Ilianza Mombasa, mtaa wa Bangladesh, mwaka 2013, kwa jina la Bangla-Pesa: vocha za karatasi ambazo wenye vibanda walikubali wenyewe kwa wenyewe siku ambazo shilingi imekauka. Muasisi wake Will Ruddick na wenzake wakakamatwa mwaka huohuo, wakaambiwa wanatengeneza pesa bandia. Baadaye kesi ikafutwa. Miaka ya mbele wakahamia kwenye blokucheni, lakini mtu anatumia simu ya kitufe, anabonyeza namba kama za mobile money, basi. Wakati wa Covid, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kenya, ilitumiwa na makumi ya maelfu ya watu. Hiyo nayo ni blokucheni. Tofauti yake ni moja: kilichotangulia kilikuwa watu wanaoaminiana sokoni. Mashine ilikuja kuandika kile kilichokuwepo.

Sitawaficha ugumu wao. Mtandao wa jamii bado unanunua intaneti kutoka kwa kampuni. Siku kampuni ikiamriwa kuzima, mtaa utaongea wenyewe kwa wenyewe lakini hautafika Denver wala Sydney. Betri zinakufa baada ya miaka michache na hakuna aliyeweka pesa ya betri. Antena inaibwa. Fundi mzuri akipata resettlement anaondoka na ujuzi wote kichwani, na sisi wakimbizi tunalijua hili kuliko yeyote. Leseni inadaiwa, na mkimbizi anayepandisha antena bila leseni anajitafutia jela. Na kubwa kuliko yote: kumiliki pamoja ni kugombana pamoja. Nani atashika funguo? Atakuwa Mnyamulenge au Mbembe, Mtigrinya au Msomali? Wanawake watakuwa kwenye kamati au watapika chai ya kamati? Anayefikiri waya utatuponya ukabila, aje kwenye uchaguzi wowote wa jumuiya zetu akae nyuma asikilize.

Lakini tazameni: huo wote ni ugumu wa watu, na watu tunawajua. Swichi ya mbali hatuna hata mahali pa kwenda kubishana nayo.

"Njaa kwanza"

Nasikia jibu, na linatoka hata kwa wenzetu. Mei 2025 WFP ilisema wakimbizi milioni moja Uganda wamekatwa msaada wa chakula. Sisi wa mjini hatukuwa nao tangu mwanzo. Anayechagua Kampala anaambiwa ajitegemee. Sasa wewe mwandishi unatuletea habari za seva? Njaa kwanza!

Ndugu, njaa ya leo inapita kwenye simu. Mgao wa pesa taslimu unakuja kwa simu. Ndugu wa nje anatuma kwa simu. Kazi ya kufua inaitwa kwa simu. Kuondolewa kwenye orodha kunafanyika kwenye kompyuta, na mtu anagundua siku anapofika dirishani. Msaada unapopungua, ndipo daftari linapokuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua nani anabaki. Asiyeweza kuliona daftari hawezi kukata rufaa. Kwa hiyo usiniambie nichague kati ya chakula na funguo. Sahani yako imewekwa ndani ya chumba, na mlango umefungwa.

Tunachodai

Kwa mashirika na ofisi, nasema wazi. Msituletee pochi mpya kabla hamjatuonyesha faili za zamani. Kila mkimbizi apewe, kwa lugha anayoielewa, karatasi inayosema taarifa zipi mnazo, nani mmempa, na wapi atalalamika zikikosewa. Macho na vidole visiwe bei ya sabuni na sukari. Iwepo njia nyingine kwa asiyetaka, na asipoteze mgao. Mradi wowote wa teknolojia uje na bajeti ya siku utakapoisha: betri nani, ruta nani, seva nani. Na mtusaidie pale ambapo nguvu yenu ni kubwa kuliko yetu: kaeni na UCC mpaka mwomba hifadhi aweze kusajili laini kwa jina lake tangu wiki ya kwanza. Kenya mwaka 2021 walitengeneza leseni maalum ya mitandao ya jamii. Ombeni hapa njia ambayo chama cha wakimbizi kinaweza kuipita kisheria. Hilo moja litatusaidia kuliko warsha hamsini.

Kwetu sisi, nasema kwa sauti ileile. Aliye na karatasi ya OPM aende kesho akasajili laini kwa jina lake, aache uvivu. Vyama vyetu viache kuweka orodha nzima za watu, majina na namba za kesi, kwenye kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili ambao hatuwajui nusu yao. Tunalaumu seva za Geneva na sisi wenyewe tunamwaga siri za majirani barabarani. Kila jumuiya iwe na njia ya pili ya kufikiana siku mtandao ukizima: namba za kawaida kwenye daftari la karatasi, wakuu wa nyumba kumi, kanisa na msikiti. Vijana wanaojifunza kompyuta wajifunze kufunga antena, kutunza betri na kuendesha seva ndogo, si kutazama bei ya sarafu usiku kucha. Na fundi mmoja asifundishwe peke yake. Wafundishwe watatu, mmoja wao mwanamke, ili ndege ikimchukua mmoja kazi isife.

Tuanze padogo. Jengo moja la mizigo, ruta moja, watu kumi na wawili wanaochanga kama likelemba, kanuni zimeandikwa ukutani kwa Kiswahili na Kitigrinya, hesabu inasomwa kila mwezi mbele ya wote, na mwenyekiti wa LC1 anajua tunafanya nini. Itashindwa mara ya kwanza, pengine. Lakini itashindwa mikononi mwetu, na tutajua ni msumari gani uliolegea.

Nguzo itaendelea kuwa na mwenyewe, hilo haliepukiki. Tunachogombania ni kwamba siku moja mwenyewe awe mtu tunayeweza kumgongea mlango.